Walipokuambia Wamesikia

Mwanangu Rajabu,

Mwalimu wetu wa ngumbaru alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi umeshiba ugali wangu, umevaa kaptula yako mpya ya kaki, unazunguka kijijini kuaga watu. Hali yangu mimi ni hasira, ndiyo maana nimekaa na daftari hili mchana huu kabla hujarudi. Kwa mdomo nimeshindwa. Kila nikianza kusema jambo unalimalizia wewe, tena unalimalizia vibaya.

Sitakuandikia habari ya blanketi wala ya kuchemsha maji ya kunywa. Shangazi yako Zena ameyasema hayo asubuhi, mchana na jioni, mpaka nadhani blanketi lenyewe limechoka kutajwa. Ukiugua malaria utameza dawa, ukikosa mboga utakula chumvi, wewe ni mtu mzima. Mimi nina jambo moja tu, nalo linanikaba tangu juzi.

Juzi ulirudi kutoka kule milimani juu ya Mikumi, kwa watu utakaoanza nao kazi kesho. Ulikuja mbio mpaka jikoni, hukuvua hata viatu. Ukasema, "Mama, mkutano umekwenda vizuri mno! Nimewaambia washuke wote bondeni kabla ya mvua, wajenge kijiji kimoja kando ya barabara. Hakubisha hata mmoja." Nikakuuliza, walijibu nini? Ukacheka kwa furaha. "Wote kwa sauti moja, mama: tumesikia!"

Nikauacha mwiko ndani ya sufuria. Ugali ukaungua, nawe ukanitania kwamba nimeanza kuzeeka.

Tumesikia! Rajabu, wewe umezaliwa na nani? Umelelewa nyumba gani? Baba yako akiniambia nipunguze maneno, namjibu nimesikia. Umewahi kuona nimepunguza? Zena akiambiwa asiwakopeshe watu kuku wake wa mayai, hujibu amesikia, na kesho yake kuku hayupo. Neno hilo limejaa humu ndani kama moshi, nawe umekwenda chuo, umesoma udongo na mbolea, ukarudi hulijui. Nilipotaka kukueleza ukanikata. "Mama, zile zilikuwa zama za mkoloni. Sasa serikali ni yetu." Haya. Zama za mkoloni unazijua kutoka kwenye nyimbo za shule. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo leo utasoma mpaka mwisho, maana karatasi huwezi kuikata maneno.

Ulikuwa hujazaliwa. Baba yako alikuwa anakata mkonge upande wa Kilosa, na wanaume wengine karibu wote walikuwa huko huko. Sisi wanawake tulibaki na mashamba yetu ya mteremkoni, kule tulikokaa kabla ya kuhamishiwa hapa. Ikaletwa amri kwamba kila shamba la mteremko lichimbwe matuta, yalale kuukata mteremko, na asiyechimba apelekwe Bomani kufungwa. Hakuna aliyejiuliza nani atayachimba. Wenzangu walikuwa na watoto mgongoni, sote tulikuwa na mahindi ya kutwanga na maji ya kuteka mtoni, na sasa tuchimbe kilima kizima kwa jembe la mkono.

Aliyetumwa kutuonyesha hakuwa mzungu. Alikuwa bwana shamba, kijana mweusi kama wewe, kaptula ya kaki kama yako, soksi mpaka magotini, na kamba yenye mafundo ya kupimia matuta. Tukamwita Bwana Kamba. Jina alilopewa na mama yake hatukujisumbua kumwuliza. Alikuwa anajua kazi yake, hilo nalisema leo. Wakati ule ningekatwa ulimi kabla ya kulisema.

Siku ya baraza alikuja Bwana Shauri mwenyewe, mzungu mkuu wa wilaya, kutoka Kilosa. Akakalia kiti cha jumbe, akahutubia kwa Kiswahili chake cha kukanyagakanyaga kwamba udongo unakwenda mtoni, kwamba matuta ni kwa faida yetu. Alipomaliza, jumbe akasimama, akatuuliza, "Mmesikia?" Tukaitika wote, "Tumesikia!" Bwana Shauri akafurahi kama ulivyofurahi wewe juzi. Jumbe hakufurahi. Alizaliwa hapa, alilijua neno. Alikaa anapangusa vumbi kwenye kofia yake ambayo haikuwa na vumbi.

Ukapita mwezi, hakuna hata tuta moja. Bwana Kamba akarudi, akashangaa. "Si mlisema mmesikia?" Shangazi yako Zena, ambaye wakati ule alikuwa msichana mwembamba mwenye mdomo mpana kuliko leo, akamjibu, "Tulisikia, bwana. Mlituuliza habari za masikio, tukawajibu habari za masikio." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Siku chache baadaye wakaja askari, wakawachukua wenzetu wawili kuwapeleka Bomani, mmoja wao akiwa na mimba.

Hapo ndipo tulipofanya lile jambo. Zena akasema, "Wanataka matuta? Watayapata." Bwana Kamba alikuwa ameitwa Kilosa. Tukaingia shambani alfajiri, tukachimba kwa nyimbo, tukachimba kwa bidii ambayo hakuna serikali imewahi kuiona kwetu. Matuta mazuri, yamenyooka, yamejaa. Ila hatukuyalaza. Tuliyashusha wima, kutoka kichwa cha kilima mpaka mtoni. Wametaka matuta, hayo matuta. Nani atatufunga?

Aliporudi akasimama chini ya kilima akitazama juu. Kisha akaketi juu ya tuta moja, akaiweka kofia kwenye goti. Baadaye akaja kwangu kuomba maji. Alikunywa kata nzima, akanirudishia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini hamkuniambia tu kwamba hamtaki?"

Nikamjibu, "Lini ulituuliza?"

Nilijiona mjanja sana. Jibu hilo nililisimulia mtoni, msibani, arusini, watu wakanipigia makofi. Halafu mvua zikanyesha. Maji yalipoona njia zilizonyooka namna ile, yakashuka nazo. Yalichukua mahindi, yakachukua udongo wa juu, yakachukua mihogo ya Zena na mizizi yake. Lile korongo ulilokuwa ukiliruka ukienda shule, ambalo siku moja ulitumbukia ukavunja jino, halikuchimbwa na Mungu. Tulilichimba sisi, kwa majembe yetu, tukiimba, ili kumkomoa mzungu ambaye hakuwa na hata shina moja la mahindi kwenye kilima kile. Msimu ule tulikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini. Mpaka leo nikilipita korongo lile natamani kujichapa.

Wenzetu walipozidi kushikiliwa, tukabeba majembe begani tukaenda Kilosa kwa miguu, wanawake peke yetu, tukaketi chini mbele ya Boma. Haya ndiyo mnayoyaimba. Lakini hamwimbi kilichotokea Bwana Shauri alipotoka nje na kutuuliza, "Mnataka nini?" Tulitazamana, Rajabu. Tumetembea mchana kutwa, miguu imevimba, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Zena naye, Zena wa mdomo mpana, alitazama chini. Kijana mmoja wa chama aliyekuwa mjini ndiye aliyesimama akatusemea, kwa maneno mazuri ambayo mengine hatukuyajua maana. Tuliitikia kwa vichwa. Wenzetu wakaachiwa, na baadaye amri yenyewe ikafutwa.

Kabla hatujaondoka, Bwana Shauri alimgeukia Bwana Kamba pale pale mbele yetu. Alimvua kofia, akaitupa vumbini, akamwita mjinga asiyeweza kuongoza hata wanawake. Sisi tukapiga vigelegele. Nakumbuka sauti yangu mwenyewe ilivyopanda juu ya za wenzangu. Yule kijana aliinama akaokota kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikuwa bado sijazaa.

Sasa nimezaa, na nilichozaa ni bwana shamba! Siku ulipokuja na barua ya kazi, baba yako alichinja jogoo, mimi nikaingia ndani nikalia, mkadhani ni furaha. Kila nikipiga pasi kaptula hiyo namwona yule kijana ameinama.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma mpaka nyayo zikatoka malengelenge. Nilidhani mambo ya masikio yamekwisha. Kumbe tulikuwa tumeshazoea. Walikuja watu wetu wenyewe, wenye majina kama yetu, wakaita mikutano, wakauliza mmesikia, nasi tukaitika tumesikia, kisha kila mtu akaenda zake kupalilia. Hatukujua kusema namna nyingine, wala wao hawakujua kuuliza namna nyingine. Hili ndilo linaloniudhi kuliko ukoloni wenyewe.

Ulikuwa chuoni Morogoro tulipohamishwa. Tulikueleza kwamba tulihama salama, na ni kweli, hakuna aliyekufa. Viongozi walikuja wakatueleza vizuri habari za shule, zahanati na bomba. Tumesikia! Tukarudi juu kwenye nyumba zetu. Asubuhi moja wakaja vijana wa mgambo, umri wako. Walikuwa na adabu, siwezi kuwasingizia. Walipofika uani wakainamisha vichwa. "Shikamoo, mama." Nikaitika, "Marahaba, wanangu." Kisha wakapanda juu ya paa langu, wakaanza kung'oa nyasi. Nilikuwa nimesimama chini, marahaba yangu bado iko mdomoni, na nyasi alizoezekea baba yako zinaniangukia kichwani.

Sikatai mema yaliyokuja. Bomba lipo, siku likitaka linatoa maji. Ngumbaru nimeikuta hapa. Kule juu ningekufa sijui kuandika hata jina lako. Lakini mpaka leo kijana mgeni akinisalimia, natazama paa kwanza ndipo niitike.

Jana nilikwenda gulioni. Nilimkuta mama mmoja wa milimani, ameteremka na maharage yake, mchangamfu, ana kilemba cha kijani. Tukapiga soga. Nikamuuliza kama huko kwao nao wanahamia bondeni.

"Tuhamie wapi, dada yangu?" akasema. "Bondeni kwa tembo kule? Mbuga iko pale pale. Ukipanda mahindi, wanavuna wao. Babu zetu walihamia mlimani kwa sababu hiyo hiyo. Juzi kaja kijana mmoja kavaa kaki, mtoto mzuri, mwenyewe ana meno meupe, katuhubiria tushuke kabla ya mvua. Tumemwambia tumesikia."

"Na mtafanya nini?"

"Tutashuka watuhesabu, waridhike. Kisha tutarudi juu. Vinu vyetu hata hatuviteremshi, wala wazee wetu."

"Mbona hamkumwambia habari ya tembo?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Kwani alituuliza?"

Rajabu, nilihisi kata ya maji iko mkononi mwangu tena. Sikumwambia kwamba mtoto mzuri mwenye meno meupe ni wangu. Nilinunua maharage ambayo sikuyahitaji. Ndiyo uliyokula leo.

Sasa nikuulize mimi, maana wewe huulizi. Watashuka, utawaona, utawaandikia wakubwa wako kwamba kazi imekwisha. Mvua zitanyesha. Wakubwa watakuja na gari, watakuta vibanda vitupu na kinyesi cha tembo. Watakugeukia wewe. Watakuvua kofia mbele za watu, na yule mama wa kilemba cha kijani atapiga kigelegele, na atakuwa na haki. Na ili usivuliwe kofia, kwa sababu una kiburi cha baba yako, utapanda mlimani na mgambo. Utafika uani kwake. Utainamisha kichwa useme shikamoo, maana nimekufundisha adabu. Naye ataitika marahaba, mwanangu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Kukuvua kofia wakuvue, utaokota. Lakini sitaki uwe juu ya paa.

Leo tukila nilijaribu kwa mara ya mwisho. Nilikuambia ukifika usiitishe mkutano. Panda juu, shika jembe, palilia nao, kula chakula chao hata kama hukipendi. Uliza, mnasemaje? Kisha ufunge mdomo huo, hata kimya kikiwa kirefu, hata wakitazama chini kama tulivyotazama chini sisi mbele ya Boma. Wakikufokea, shukuru, ujue umeanza kazi. Halafu uende kwa wakubwa wako ukawaeleze habari ya tembo kwa kinywa chako mwenyewe, ununiwe, uitwe mwoga, uhamishiwe pori jingine. Nilisema yote hayo bila kupumua. Ulinisikiliza kwa upole, ukanawa mikono, ukatabasamu, ukasema, "Nimesikia, mama."

Mimi! Umeniambia mimi!

Nilikaa pale na sahani chafu nikajiuliza umelitoa wapi, kisha nikakumbuka. Ulikuwa mdogo, huna hata meno ya mbele. Nilikutuma kuni, mvua inatishia, ukasimama mlangoni ukaniambia, "Sitaki, mama. Naogopa radi." Nilikuchapa kofi. Nikakuambia mtoto mwenye adabu husema nimesikia. Ukasema nimesikia, ukatoka, ukaenda kujificha nyumba ya Zena mpaka mvua ikakatika, na kuni hukuleta. Zena alicheka, mimi nikacheka, tukasema mtoto ana akili. Hukuhitaji akili, ulikuwa umeshaniambia ukweli pale mlangoni. Na radi ilipiga kweli siku ile. Ningekuuliza tu, unaogopa nini, labda leo nawe ungejua kuuliza.

Basi sikia, au usisikie, soma. Bwana Shauri nilimwambia nimesikia. Jumbe nilimwambia nimesikia. Viongozi wetu wa chama niliwaambia nimesikia, na wale vijana waliokuwa juu ya paa langu sikuwaambia chochote. Nina mvi kichwani, na sijawahi kumwambia mtu wa serikali usoni kile kilichomo moyoni mwangu. Wewe sasa ni mtu wa serikali, na bahati mbaya yako ni kwamba wewe naweza kukufokea.

Sikubali, Rajabu. Sikubali uwashushe watu wale kwa tembo ili wakubwa wako wafurahi, na sikubali upande juu ya paa la mama wa mtu. Neno hili nililikosea herufi mara ya kwanza, nikalifuta kwa mate, karatasi ikatoboka kidogo hapo unapoona. Sijalizoea. Nimeliandika tena hapa chini yake, na sasa limekaa sawa: sikubali.

Nakuona kwa mbali unarudi, Zena yuko nyuma yako anaendelea na habari za blanketi. Barua hii sitakuwekea mfukoni uisome ukiwa Mikumi. Utaisoma hapa hapa uani, nikikutazama. Ukimaliza nijibu. Ukitaka kubisha, bisha. Ukiona mama yako ni mshamba asiyejua mipango ya taifa, sema hivyo hivyo, tutagombana mpaka jua lizame na kesho alfajiri nitakusindikiza mpaka barabarani na mzigo wako kichwani. Nijibu lolote lililomo moyoni mwako, mwanangu, ila lile la mchana usilirudie.

Mimi mama yako.